Paka Aliyefunga Choo na Ploti Iliyomlisha

Brian na Faith, siku mliponinunulia keki ya kuniaga mkaniomba niseme machache, nilisema machache kweli, kwa sababu krimu ilikuwa inayeyuka na Daktari Muthoni alikuwa na mbwa mezani. Mengi ni haya hapa. Sitaandika habari za mshahara. Mnaufahamu, na ninawapa pole. Habari za cheo ni fupi vilevile: nilianza nikiwa msaidizi wa kliniki na nikamaliza nikiwa msaidizi wa kliniki. Kilichobadilika ni magoti. Yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Mtu hawezi kuinama chini ya meza miaka yote hiyo akimsihi paka atoke, kisha atarajie magoti yanyamaze.

Mtatibu wagonjwa wa kila aina, lakini nimeombwa niwaachie jambo moja ninalolijua vizuri kuliko mengine. Jambo hilo ni choo cha paka. Najua si la kujivunia mbele ya wakwe. Niliporudi nyumbani Vihiga kwa mazishi, shemeji yangu aliniuliza ninafanya nini hasa Nairobi.

"Ninasaidia paka waliofunga choo," nikamwambia.

"Paka?"

"Ndiyo."

"Hawaendi?"

"Wengine."

Akasogeza kiti chake kidogo. Toka siku hiyo hunisalimia kwa mbali.

Siku yangu ya kwanza pale kituo cha Kawangware 46 nilidhani nimeajiriwa kuuza chakula cha kuku. Mbele palikuwa duka la dawa za mifugo, kama lilivyo sasa, na nyuma ya pazia ndiyo kliniki. Shule niliiacha mapema. Nilichokuwa nacho ni tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, kuanzia karatasi za dawa za minyoo hadi vitabu vikuukuu vya mifugo vilivyouzwa chini kando ya barabara. Nilijua mengi kuhusu kuku. Kuhusu paka nilijua kwamba kuku hawawapendi.

Kabla sijavaa aproni vizuri, akaingia mwanaume amekumbatia katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya katoni mlikuwa na mtu wa nne katika chumba kile, na hakuwa na furaha.

"Hii paka imekataa kuenda choo," yule bwana akasema. "Kutoka jana inajikamua tu, inalia."

Nilianza kumuuliza anamlisha nini. Daktari Muthoni alinizuia kwa kidole kimoja.

"Anakojoa?" akauliza.

"Daktari, mimi na yeye hatuendi pamoja."

Daktari alishika tumbo la chini la paka yule, taratibu, akaacha kutabasamu. Paka hakuwa amefunga choo. Mkojo ndio ulioziba, na kibofu kilikuwa kigumu kama limau bichi. Alishughulikiwa saa ileile, akapona. Baadaye Daktari aliniambia neno ambalo nawaachia kama lilivyo: "Habil, kabla hujauliza anakula nini, uliza anakojoa wapi." Paka dume anayejikamua bila kutoa kitu huenda ana mkojo ulioziba, na huyo hangoji kesho wala hatibiwi na chakula. Atakufa huku mnabishana juu ya malenge ya kumlainishia choo. Kwa hiyo ulizeni hivyo kwanza, kila mara, hata mwenye paka akiwakasirikia.

Vifaa vya kazi hii si vingi. Cha kwanza ni mizani, ile ile ya kupimia chakula cha kuku. Paka hakai juu ya mizani. Hukaa juu ya kabati. Njia inayofaa ni mtu apimwe amembeba paka, kisha apimwe bila paka, halafu utoe. Tatizo ni kwamba wenye paka wengi hawataki upande wa pili wa hesabu hiyo usomwe kwa sauti. Kuna mama aliyesema afadhali paka afe. Ndiyo maana nikawa ninawabeba mimi mwenyewe, na ndiyo maana uzito wangu umejulikana Kawangware nzima kwa miaka yote hii, pamoja na ile Krismasi ambayo sitaki kuizungumzia.

Cha pili ni taulo. Mfunge paka kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki siku ya baridi, kichwa tu kikiwa nje, na mikono yako itabaki na ngozi. Cha tatu ni bomba la sindano lisilo na sindano, la kumpa dawa ya maji kando ya mdomo, kidogo kidogo, akimeza. Usilisukume kama unazima moto.

Hapo niseme juu ya dawa za mtaani, maana mtazikuta. Watu huwamiminia paka mafuta ya kupikia mdomoni, wakidhani tumbo ni bawaba ya mlango. Mafuta hupotea njia yakaingia mapafuni, na sasa una magonjwa mawili. Wengine hutoa dawa za binadamu za kulainisha choo, ambazo zinaweza kumuua paka. Wengine hutumia kipande cha sabuni, na sitaeleza kinapitia wapi. Bwana mmoja alimnywesha paka wake soda nyeusi. Paka hakwenda choo, ila alikuwa macho sana.

Daktari Muthoni alinieleza ugonjwa wenyewe kwa kutumia soksi yake. Alisema kinyesi cha paka kikikaa sana kwenye utumbo mpana, utumbo hukinyonya maji hadi kinakuwa kokoto. Kokoto zikijikusanya, utumbo hutanuka. Akavuta mdomo wa soksi yake, ukarudi. Akaniambia nivute wa kwangu. Haukurudi.

"Ndivyo utumbo unavyokuwa ukitanuliwa mara nyingi," akasema. "Haupo tena kazini. Nunua soksi, Habil."

Paka kwa asili hupata maji mengi ndani ya chakula chake, ndani ya panya na ndege. Wetu tunawapa ugali wa jana, vichwa vya omena na mifupa, vitu vikavu kama ahadi za kampeni, kisha tunashangaa. Tiba kubwa ni kurudisha maji: nyama au samaki aliyechemshwa, laini, bila mfupa, akiwa kwenye supu yake isiyo na chumvi wala kitunguu. Malenge yaliyochemshwa na kupondwa, kijiko kidogo, huwasaidia wengi. Nasema kijiko kidogo. Utumbo uliokwisha kulegea ukiujaza makapi unauongezea mzigo, kwa hiyo kipimo atoe daktari, si jirani.

Haya yote niliyajua vizuri kabla sijakutana na Simba, na hayakunisaidia.

Simba alikuwa wa Mama Nekesa, muuza nafaka wa kule mtaa wa Kianda, ploti ya tatu, yaani vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, kutoka nilipokuwa nimepanga. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa ploti: magunia ya mahindi, maharagwe na ndengu, na gorogoro ya kupimia juu ya kila moja. Alasiri moja aliteremka kwa boda boda mbele ya kliniki akiwa na gunia mapajani. Kutoka kwenye gunia kilichomoza kichwa kikubwa cha paka wa kijivu mwenye mistari, uso wake kama wa mwenye nyumba aliyekuja tarehe tano.

"Baba Joy, uko?" akaniita kwa jina langu la mtaani. "Nimekuletea Simba. Tumbo lake ni kama amemeza jiwe."

"Anakojoa?"

"Anakojoa vizuri, tena kwa kiatu cha pastor."

Nilimwamini. Kisha akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwamba yeye hapendi paka. Huyu ni mfanyakazi tu. Kabla ya Simba, panya walitoboa magunia usiku, na mteja mmoja alikuta kwenye maharagwe kitu ambacho hakikuwa haragwe, akalitangaza jambo hilo hadi kituo cha Olympic. Sumu hakuweza kutega karibu na chakula cha watu. Mitego ilimnasa yeye mwenyewe kidole. Tangu Simba aje, hakuna gunia lililotobolewa. "Akifa huyu, Baba Joy, mimi nafunga kibanda narudi Bungoma. Lakini simpendi," akasema, huku akimpangusa paka macho kwa pembe ya leso yake.

Daktari alimpa dawa ya usingizi, akamsafisha utumbo. Kazi hiyo sitaieleza, ila mfahamu kwamba aproni niliichoma. Alipomaliza alivua glavu, akamkalisha Mama Nekesa kwenye kiti.

"Huyu amekuwa akifunga kwa muda mrefu. Utumbo wake umetanuka. Akiziba hivi tena na tena, utakufa ganzi kabisa. Hapo kuna operesheni ya kuukata, ambayo hapa hatuifanyi, au kuna sindano ya mwisho."

Mama Nekesa alilikunja lile gunia tupu mapajani.

"Niambieni mnataka ale nini," akasema. "Hata ikiwa ni biriani."

Tulimwambia, akafanya. Nilipita kwake kila jioni nikirudi nyumbani, nikaona kwa macho yangu: samaki aliyechambuliwa, supu, malenge, dawa ya maji kwa bomba. Alichemsha malenge mengi hivi kwamba familia yake nayo ikaanza kwenda choo kwa utaratibu mzuri. Simba peke yake ndiye aliyerudi Kawangware amefunga kama mwanzo.

"Umempa mfupa?" Daktari akamuuliza.

"Mungu wangu anaona."

Nilimbeba nikapanda mizani. Alikuwa ameongezeka. Kwa chakula kile kidogo tulichompangia alitakiwa apungue. Daktari alinitazama, akamtazama paka, akanitazama tena.

"Habil, huyu anakula wapi?"

"Kwa Mama Nekesa."

"Na wapi tena?"

Nilishuka kwenye mizani. "Nenda ukaangalie," akasema. "Na usiulize watu. Watu hudanganya kwa adabu. Paka hana adabu, mfuate yeye."

Kwa hiyo Jumamosi ile, mimi, mtu mzima mwenye watoto na heshima ya kadiri, nilitembea nyuma ya paka ndani ya Kianda. Vijana wa boda boda waliniona kwenye kona.

"Niaje mzee, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Namfuata yule paka."

"Kwani amekuibia?"

"Hapana. Nataka kuona anakula wapi."

"Na hiyo ndiyo job?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. "Aki mzee," mmoja akasema kwa huruma, "hii uchumi itatumaliza wote."

Simba aliingia kwanza karakana ya Wycliffe, seremala mseja anayekaa chumba cha mwisho. Wycliffe alikuwa anakula. Paka alipita chini ya pazia, akakaa, akamkazia macho.

"Chairman! Umefika. Karibu, karibu," Wycliffe akasema, akamsogezea tonge la ugali na vichwa vya omena vilivyokaangwa vikakauka.

Kutoka hapo Simba, ambaye sasa alikuwa Chairman, alikwenda kwa Mama Akinyi, mkaanga samaki. Huyu hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobakizwa nyama kidogo ubavuni. "Jaduong', bi ichiem," akamwambia, mzee njoo ule, na akampa uti wa mgongo mzima wenye miiba yake yote. Jaduong' aliumaliza. Kisha akavuka kamba za nguo hadi kwa Pastor Elkana, mwenye kanisa la mabati pale nyuma, ambako aliitwa Danieli na akapewa mifupa ya kuku baada ya sala. Alisubiri sala iishe. Nilimwona.

Katika milango yote ile sikuona mahali alipopewa maji. Mnajua jinsi maji yanavyonunuliwa kwa mtungi kule. Hakuna anayewaza kummiminia paka. Nilipouliza baadaye, kila mmoja alijibu lile lile: "Si anakunywa maziwa kwa wale wengine?"

Niliwaelewa, kwa sababu mimi pia nimelelewa hivyo. Kwetu upande wa magharibi huwezi kumeza huku kuna macho mlangoni. Mgeni akikukuta unakula, anakula. Mama yangu angenipiga mwiko wa kichwa kwa kosa hilo kabla ya kosa lingine lolote. Paka yule alikuwa amegundua kwamba ploti nzima imelelewa na mama wa namna moja, naye akapanga ratiba yake ya kula ipasavyo.

Mama Nekesa aliitisha mkutano wa ploti Jumapili baada ya ibada, pale penye kamba za nguo. Niliwaeleza alivyosema Daktari. Sikufika mbali.

"Subiri kidogo," Wycliffe akasema. "Simba ni nani?"

"Paka yangu," akasema Mama Nekesa.

"Hiyo si Simba. Hiyo ni Chairman. Na ni yangu. Inalala kwa maranda yangu."

"Wewe Wycliffe, umeshindwa kupata bibi, sasa unaiba paka?"

"Jaduong' ni wa kwangu," Mama Akinyi akaingilia. "Uliza samaki wangu."

Pastor Elkana aliinua mikono kuleta amani. "Wapendwa, wapendwa. Danieli ni wa Bwana."

"Basi Bwana amnunulie dawa," akasema Mama Nekesa.

Mhusika alikuwa amelala juu ya tangi la maji, mgongo kwetu.

Mwishowe walikubaliana kwamba hakuna atakayemlisha isipokuwa Mama Nekesa. Wote waliapa, na Pastor aliomba. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika sana, jambo ambalo katika kazi hii ni dalili mbaya. Kabla ya Jumapili nyingine Simba alikuwa mezani kwetu tena, na Daktari alifanya kazi muda mrefu. Alipomaliza aliniambia kando ya pazia: "Safari ijayo sidhani utumbo huu utakubali. Mwambie ajiandae."

Nilimwambia Mama Nekesa. Hakulia. Alimweka Simba ndani ya gunia kwa utaratibu, akatandika leso chini yake kwanza.

Tulipofika kwenye ploti majirani walikuwa wamesimama nje, wakitazama chini. Hakuna aliyengoja kuulizwa.

"Mimi nilijaribu," Wycliffe akasema. "Nikafunga mlango. Akakaa nje. Alinitazama chini ya mlango kama mama yangu."

"Mimi nilimpa kidogo tu," akasema Pastor. "Cha ushirika."

Mama Akinyi ndiye aliyekasirika. Alininyooshea ule mwiko wake wa kugeuzia samaki, mafuta yakidondoka.

"Wewe Baba Joy, kila siku usimpe hiki, usimpe kile. Unataka nimfukuze mgeni mlangoni? Mimi sikufundishwa hivyo, na siwezi kuanza sasa. Usiniambie nisimpe. Niambie nimpe nini!"

Katika vitabu vyangu vyote vya kando ya barabara, sikuwa nimewahi kuona jambo hilo limewekwa vizuri namna ile.

Ploti ile ilikuwa tayari na zamu ya kuosha choo cha watu. Karatasi ilibandikwa mlangoni na watu waliiogopa kuliko Amri Kumi, kwa sababu anayeruka zamu huimbwa na watoto. Tukamwingiza paka kwenye utaratibu uleule. Kila mlango ungeendelea kumkaribisha, ila kwa kitu chake na kwa siku yake. Mama Akinyi: minofu ya samaki iliyochemshwa kando kabla ya kukaanga, imechambuliwa miiba, pamoja na maji yake. Pastor: nyama ya kuku isiyo na mfupa, na sala fupi. Mama Nekesa: malenge yaliyopimwa na Daktari, na dawa. Asiye na siku, mgeni akija, ampe kijiko kimoja cha supu isiyo na chumvi, ili asionekane mchoyo.

Wycliffe alipewa maji.

"Kila mtu nyama, mimi maji?" akauliza. Aliumia kweli. "Kwa sababu ni mseja?"

"Kwa sababu maji ndiyo nusu ya dawa," nikamwambia. "Na hakuna mwingine ninayemwamini kwa kitu cha kila siku."

Aliingia karakana akabamiza mlango. Asubuhi alikuwa ametengeneza kibao cha miguu mitatu cha kuwekea bakuli. Nilimweleza kwamba paka wengi hawapendi maji yaliyo karibu na chakula, wala bakuli jembamba linalogusa sharubu. Akatafuta sahani pana. Paka akainusa akaondoka. Akaihamishia dirishani. Paka akaondoka. Akaihamishia kwenye kivuli cha benchi lake, akabadilisha maji asubuhi na jioni kutoka kwenye mtungi wake mwenyewe, na siku moja akanipigia simu nikiwa kazini, akinong'ona: "Anakunywa. Usiongee." Nikanyamaza. Tulisikiliza pamoja.

Ikabaki kungoja. Sijawahi kuona watu wakingoja namna ile. Asubuhi mtu akifungua mlango hakuulizwa ameamkaje, aliulizwa, "Ameenda?" na jibu lilikuwa, "Bado." Watoto walikatazwa kupiga mpira upande wa karakana, maana paka alikuwa amechagua rundo la unga wa mbao la Wycliffe kuwa mahali pake, na ilionekana vyema apewe utulivu. Mama Nekesa aliacha kula. Alimpigia Daktari hadi Daktari akawa anapokea simu kwa kusema, "Bado?"

Jumapili nilikuwa kwenye ibada ya Pastor Elkana. Si kanisa langu, lakini nilitaka kuwa karibu. Tulikuwa kwenye ushuhuda. Mama mmoja alikuwa amemaliza kushukuru kwa mtoto wake kupata kazi, mlango wa mabati ukafunguka, akaingia Wycliffe. Alikuwa na ovaroli yake ya kazi na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Hakuna aliyewahi kumwona mahali pale.

"Bwana asifiwe," akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua hilo hufuatwa na nini.

"Amina!"

"Chairman ameenda choo."

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, mzee mmoja mnene aliyekuwa ameketi safu ya mbele, aligeuka polepole. Lakini wale wa ploti walikuwa wamekwisha simama. Mama Nekesa alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Umeona mwenyewe?" akauliza Pastor kutoka madhabahuni.

"Nimeona mwenyewe, Pastor."

"Ni gumu?"

"Ni laini."

"Wapendwa," akasema Pastor Elkana, akifunga Biblia yake, "ni laini."

Mama Akinyi alianzisha wimbo. Mama Nekesa, ambaye hapendi paka, alitoka nje mbio na viatu mkononi. Sitasema kwamba sikutokwa na machozi, kwa kuwa Faith alishasikia habari hizi kwa mtu mwingine.

Daktari Muthoni alimpima baadaye, akamshika tumbo huku amefumba macho kama anavyofanya. Alisema utumbo bado umelegea na hautarudi kuwa wa kijana. Lakini ulikuwa unafanya kazi, na chakula kile kisiachwe maisha yake yote. Mkumbuke hilo. Ugonjwa huu hauponi ukaisha, unatunzwa. Watu wakichoka, kokoto zinarudi. Pia mkumbuke kwamba karatasi yetu ya kumpokea mgonjwa ina mahali pa kuandika mwenye paka, na hapo huandikwa jina moja. Msiliamini. Ulizeni ni milango mingapi iko wazi wakati wa chakula.

Siku yangu ya mwisho, baada ya ile keki, nilipita Kianda nikielekea nyumbani jioni mapema. Magunia ya Mama Nekesa yalikuwa yamesimama wima, mazima, bila kitobo. Karibu na karakana nilikuta kibao kipya, herufi zimechongwa kwa patasi na kupakwa rangi nyeusi: USITUPE TAKA HAPA. HAPA NI PA CHAIRMAN.

Mwenyewe alikuwepo. Alikuwa ameketi katikati ya unga wa mbao, mkia juu, macho yameelekea mbali, akifikiri. Wycliffe alikuwa amempa mgongo, akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini. Mama Akinyi aligeukia ukutani na mwiko wake. Mama Nekesa alihesabu ndengu. Vijana wa boda boda, waliokuwa wanakuja na kelele zao, walizima pikipiki wakaisukuma kwa mkono.

Nilivua kofia, nikageuka upande, nikangoja na wenzangu. Kisha tukasikia akifukia, polepole na kwa ukamilifu, na hatua zake zikaelekea chini ya benchi, kwenye maji.